Milima Mitatu ya Theluji na Mkwe Wangu

Tangu nirudi sijafanya kazi kwa amani. Nikianika shuka, anakuja mtu. Nikipeta mchele, anakuja mtu. Wote swali moja: Ulaya kukoje, na huko kwenye theluji walikokupeleka kunafananaje. Nimeeleza mpaka taya zimechoka, na kila aliyesikia ameenda kuongeza ya kwake. Juzi sokoni hapa Kisesa nimesikia eti ndege ilikosa kiti nikasimama mpaka mwisho wa safari. Kwa hiyo nimekaa chini niandike mwenyewe, kwa mkono huu ulioishia darasa la nne. Habari za pasi na picha za kichwa siandiki. Hakuna anayefurahia foleni ya mwenzake.

Kwanza mjue nilikwenda kwa nini. Mwanangu Kabula ameolewa na Mzungu wa Uswisi, fundi wa mitambo ya baridi. Alikuja Mwanza kufunga mashine wakati ule viwanda vya minofu ya sangara vilipoanza kuota ufukweni kama uyoga, na Kabula alikuwa akifanya kazi humo. Wakaenda kufunga ndoa kwao, wakapata mtoto, wakampa jina la marehemu mume wangu, Masanja. Sasa kiwanda kikamwita tena yule fundi, arudi Mwanza akae kabisa, na jibu lilitakiwa kabla mwezi haujaisha. Kabula akanitumia tiketi. Nilikwenda kumwona mjukuu, ni kweli, lakini hasa nilikwenda kuwarudisha. Sikutaka Masanja akue ndani ya simu ya posta.

Jina la mkwe wangu silitaji. Wazee wenzangu mnajua kwa nini. Ninyi vijana mmeanza kusahau, basi naandika wazi. Kwetu, mama mkwe na mkwe wake wa kiume wanaheshimiana kwa mbali. Hawatajani majina, hawatazamani usoni, hawagusani, hawali chungu kimoja. Si chuki. Ni heshima kubwa kuliko zote tulizonazo. Mkishalijua hilo, mengine mtayaelewa.

Mwanza hadi Dar es Salaam, kwa treni

Treni iliondoka vizuri, halafu mbele ya Tabora ikasimama porini. Watu wakashuka, wakawasha moto, mmoja akatoa wembe akanyoa ndevu. Mimi nilibaki ndani kulinda mzigo: dagaa wakavu, michembe ya viazi vilivyokaushwa na unga wa muhogo, kwa sababu Kabula alisema kule ugali hakuna.

Behewa moja na mimi alikuwepo mama wa Kihaya, mwalimu mstaafu, aliyewahi kufika Ulaya kwa mambo ya kanisa. Mnawajua Wahaya wakishafika mahali. Alinifundisha theluji kuanzia Tabora hadi Dodoma. Alisema inafanana na sembe iliyomwagika, na ukiikanyaga inalia. Alisema nisiguse chuma kwa ulimi. Nikamuuliza mtu gani mzima anaramba chuma. Akasema ningeshangaa.

Halafu akasema jambo lililoninyima usingizi. Alisema Waswisi wakisalimiana wanabusiana mashavuni mara tatu, na mkwe anambusu mama mkwe wake hivyo hivyo, mchana, mbele za watu. Nikamwambia huyo wa kwangu akijaribu ataokota meno yake. Alicheka mpaka akamwaga chai kwenye mkeka wangu. Tulipofika stesheni ya Saranda akaninunulia kuku wa kukaanga kuniomba radhi, tukamla na mifupa, tukaachana Dar kama ndugu.

Angani, na mbwa aliyetaka dagaa

Ya ndege ni machache. Unakaa, unaletewa sinia lenye vitu vidogo vingi, na usipoangalia unakula mpaka sabuni. Jirani yangu, kijana mwenye tai anayefanya biashara ya vipuri, hakuangalia. Kulikuwa na kitambaa chenye manukato kilichofungwa kwenye karatasi, akakiweka mdomoni akijua ni kitafunwa. Nilimwacha atafune kidogo ndipo nikamwambia.

Tulipotua, mbwa wa askari akaketi mbele ya mfuko wangu. Hakubweka. Alikaa tu akiutazama kama mtoto anayesubiri kupakuliwa. Wakaja askari wawili, wakafungua, wakarudi nyuma kwa harufu. Mmoja akamshika dagaa kwa vidole viwili, akamwinua kwenye taa, akaniuliza kitu kwa lugha yao. Nikaona maneno hayatasaidia. Nikachukua dagaa mmoja nikamla kichwa na mkia, nikampa mbwa mmoja, nikampa askari mmoja. Mbwa alikula. Askari akamtazama mbwa wake, akafikiri, akafunga mfuko akanionyesha mlango. Nilipogeuka, yule mbwa alikuwa bado ananitazama mimi.

Nje alisimama Kabula na Masanja mgongoni, na pembeni yake mkwe, mrefu kama nguzo ya umeme, mikono ameitandaza, midomo tayari. Nikakumbuka maneno ya mama wa Kihaya. Nikalivuta toroli la mizigo likawa katikati yetu. Akaja kulia, nikaenda kushoto. Akaja kushoto, nikaenda kulia. Tukazunguka nguzo moja pale uwanjani, watu wakitupisha na mizigo yao, mpaka Kabula akamshika mumewe koti.

Nilimvuta Kabula pembeni nikamwambia amweleze mwenzake. Akasema, “Mama, huku hakuna mambo hayo.”

Nikamwambia mimi nipo huku, kwa hiyo yapo. Akaenda kumwambia mumewe eti mama amechoka na safari. Hapo ndipo alipoharibu. Mimi mwenyewe nisingeweza kumweleza. Mama mkwe hakai na mkwe kumfundisha heshima, hiyo ni kazi ya binti. Na binti alikuwa anaona haya kuonekana mshamba kwa mumewe.

Basi tukaishi hivyo nyumbani kwao. Akiingia sebuleni, natokea jikoni. Akija jikoni, naenda kufua nguo ambazo zimeshafuliwa. Yule kijana akaona mgeni wake hana furaha. Na kwa kuwa ni mtu aliyezaliwa milimani, akaamua kwamba dawa yangu ni mlima.

Mlima wa kwanza: viti vya wawili wawili

Sasa sikilizeni mchezo wenyewe. Watu wazima, wengine na mvi kama zangu, wanafunga mbao mbili ndefu miguuni, wanapelekwa juu, wanateleza mpaka chini, halafu wanarudi juu kuteleza tena. Nilingoja nione wanapeleka nini juu au wanateremsha nini. Hakuna kitu. Hata kuni.

Kabula alinivalisha suruali nene ya theluji. Nikafunga khanga juu yake, na nyingine juu ya kofia. Akasema nitapendeza bila khanga. Nikamwambia sikuja kupendeza.

Kupanda juu kuna viti vinavyoning'inia kwenye waya. Havisimami. Vinakuja kwa nyuma na kukuzoa kama beleshi linavyozoa mchanga, na kila kiti ni cha watu wawili. Kabula na mtoto walizolewa kwanza. Kabla sijauliza, mzee mwenye kofia akanisogeza mbele, na nani amesimama ubavuni kwangu? Nikageuka niondoke. Kiti kikanizoa nikiwa nimegeuka hivyo hivyo.

Nikapaa nimekaa upande upande, mgongo nimempa mkwe, khanga nimejifunika uso wote. Akadhani naogopa urefu. Akanigusa bega kunituliza. Nikasogea pembeni. Akadhani naanguka. Akanishika kwa mikono yote miwili. Hivyo ndivyo mkwe wangu alivyonikumbatia hewani, juu ya misonobari, mimi nikipiga kelele kwa Kisukuma na wateleza theluji huko chini wakitupungia mikono kwa furaha.

Haki yake nampa, mlima ule ni mzuri. Kule juu kuna jua kali la kuota kama kiangazi chetu, mabenchi ya kupumzikia, na maziwa ya moto yenye chokoleti ambayo ningeyanywa mpaka leo. Ndipo mkwe akaagiza chakula maalumu kwa ajili yangu, akakaa meza ya mbali kidogo akingoja nifurahi. Ikaja sahani yenye kipande cheupe cha samaki, hakina kichwa, hakina mwiba. Nikaonja. Nikamwita Kabula, nikamwambia huyu samaki namfahamu.

Alikuwa sangara. Wa kwetu, wa ziwani kwetu. Sisi tunaokaa hapa karibu na ziwa tunauziwa mapanki, kichwa na uti wa mgongo, minofu inaondoka na ndege. Nimesafiri njia yote ile, nimepandishwa kwenye kiti cha waya, ndipo nikala mnofu wa samaki wa nyumbani. Nilimaliza sahani nikaomba nyingine. Lakini nilikula nimempa mkwe mgongo, kama inavyotakiwa, na yeye hakuona nilivyofurahi. Aliona mgongo tu.

Mlima wa pili: fimbo ya kuvuta na chungu kimoja

Akaona mlima ule haukunifaa, akatafuta ulio bora. Mlima wa pili hauna viti. Kuna fimbo yenye umbo la nanga. Watu wawili wanaiweka nyuma ya makalio, mmoja huku mmoja huku, inawaburuta kupanda juu. Niliitazama ile fimbo, nikamtazama Kabula, nikasema mimi nabaki chini na mjukuu.

Nikiri kwamba huku chini ndiko nilikofurahi kuliko mahali pote. Kuna vigari vya mbao visivyo na magurudumu, unakaa, unajisukuma, unakwenda. Kabula alishuka akamchukua mtoto, akaniambia nijaribu kimoja kwenye kilima cha watoto. Nikajaribu. Hakina breki. Nikapita watoto, nikapita walimu wao, nikapita uzio, na mtu wa kwanza aliyesimama mbele yangu ni mkwe, ametoka juu anafungua mbao zake. Nilifumba macho kwa heshima. Nilimpiga magotini, akaja juu yangu, tukaenda wote mpaka kwenye maegesho ya magari. Yeye akaamka anacheka, akaninyooshea mkono aniinue. Nikajiinua mwenyewe kwa kushika gari la mtu. Nikaona kicheko kinamtoka usoni polepole.

Halafu chakula. Wakaweka mezani chungu kimoja cha jibini iliyoyeyuka, moto chini yake, na kila mtu akapewa uma mrefu. Unachoma kipande cha mkate, unachovya, unakula. Chungu kimoja, wote. Mkwe akachovya wa kwanza, akaupitisha ule mkate juu ya meza, akaniletea mimi kwa mkono wake.

Nikageuza kiti changu kikatazama ukuta. Nikatoa michembe mfukoni nikaanza kutafuna. Michembe ina kelele, mnajua. Ukumbi mzima ulikuwa kimya, nasikika mimi tu.

Mkwe akaweka uma chini, akatoka nje.

Kabula alinifuata mpaka nyuma ya jengo, pale wanapoegemeza zile mbao zao. Alikuwa analia.

“Mama, anasema unamchukia.”

“Nani kamwambia?”

“Macho yake. Humtazami, huli naye, akikugusa unapiga kelele. Anasema, ‘Kama mama yako ananionea kinyaa hapa kwangu, kule kwenu nitaishije?’ Keshokutwa anawajibu kiwandani kwamba hatuji.”

“Ningemchukia ningemtazama,” nikamwambia. “Mtu ninayemchukia namtazama machoni, na nakula naye mpaka amalize. Nenda kamweleze mwenzako ulichokataa kumweleza siku ya kwanza. Ukiona haya kwa ajili yangu, basi mtoto utamlea peke yako huku.”

Akaenda. Njiani kurudi nilikaa kiti cha nyuma na Masanja, Kabula mbele akieleza kwa lugha yao, anaeleza, anaeleza, mikono inakwenda. Mwisho mkwe akanyoosha mkono, akakishika kile kioo cha dereva cha kutazamia nyuma, akakigeuza mpaka kikatazama dari la gari.

Nikasema moyoni, huyu ana akili.

Mlima wa tatu: kiti cha mtu mmoja

Bado hakuwa amesema kama watakuja au hawaji. Kabula hakujua, na mimi nisingeweza kumuuliza. Asubuhi yake akatupakia garini tena.

Mlima wa tatu ni mkuukuu. Hauna mabenchi ya jua, maziwa yake ni ya uvuguvugu, na wateleza theluji wengi wameuacha kwa sababu waya wake unakwenda polepole kama jongoo. Lakini viti vyake, nawaambieni, ni vya mtu mmoja mmoja. Unakaa peke yako. Mzee wa pale anakufunika blanketi mpaka kifuani na kukufungia mnyororo. Nilijisikia kama askofu. Kumbe jioni iliyotangulia mkwe alikaa kwenye simu akiwauliza jamaa zake wapi kumebaki viti vya namna hiyo.

Alipanga yeye. Kabula mbele, mimi katikati, yeye nyuma na Masanja kifuani. Hivyo mimi simwoni, na yeye ananiona kofia tu. Tukapanda vizuri, juu ya korongo refu jeupe, kimya kabisa. Hapo katikati waya ukasimama.

Tukaning'inia. Upepo ukaanza kutupembeza. Masanja akalia. Muda ukapita, hakuna kilichosogea, na vidole vyangu nikaanza kuvihesabu kama bado vipo. Ndipo nikasikia sauti kutoka nyuma yangu, kwa Kiswahili chake cha karakana.

“Shikamoo, mama.”

Tangu nifike hakuwahi kunisalimu bila kunifuata na midomo. Nikatazama mbele, nikajibu, “Marahaba.”

“Usiogope. Mota imezima. Fundi anakuja.”

Sikujibu, maana hayo yalikuwa maongezi tayari, na maongezi yana utaratibu wake. Nadhani akakumbuka. Akakohoa, akaanza upya.

“Masanja,” akasema, “mwambie bibi yako, baba anaomba radhi kwa kumshika kule juu.”

“Masanja,” nikasema, “mwambie baba yako hana kosa. Wa kuomba radhi ni mama yako.”

“Nasikia, mama,” Kabula akasema kutoka mbele.

“Nyamaza wewe. Tunaongea na Masanja.”

Chini yetu watu wawili walikuwa wamesimama na mbao zao, vichwa juu, wakimtazama bibi mwenye khanga anayezungumza na mtoto asiyejua hata kutambaa. Wacha watazame.

Kisha mkwe akauliza kutoka nyuma, na sauti yake haikuwa ya utani.

“Masanja, muulize bibi. Tukija kukaa Mwanza, anatutaka? Anamtaka na baba?”

Nilitaka kugeuka. Nawaambieni kweli, shingo ilitaka kugeuka. Niliizuia.

“Masanja,” nikasema, “mwambie baba yako aje ajenge. Ila mlango wake usitazame mlango wangu, na choo achimbe upande ambao sitamwona akienda.”

Nikamsikia anapenga kamasi. Halafu ufundi ukampanda kichwani.

“Masanja, muulize bibi, mita ngapi kati ya nyumba na nyumba?”

“Mwambie mambo ya mita sitaki. Apime kwa sauti. Nikipiga kelele, asikie aje. Nikinong'ona, asisikie.”

Kabula kule mbele alikuwa anacheka na kulia pamoja, kiti chake kinatikisika. Waya ukavuta, tukaanza kwenda. Tulipofika juu mkwe alishuka kwa upande wake, akazunguka nyuma ya kibanda, akaniachia njia.

Kurudi, na jibu la mlima upi

Siku iliyofuata akawajibu kiwandani kwamba wanakuja. Mimi nikatangulia, ili wakifika wakute nimeshapalilia. Njiani kurudi hakukuwa na la ajabu, isipokuwa mbwa yule yule pale uwanjani, aliyekaa mbele ya mfuko wangu mtupu akasikitika.

Mnaniuliza mlima upi ni mzuri. Inategemea wewe ni nani. Ukipenda jua na sangara, wa kwanza. Ukipenda kwenda mbio bila breki, wa pili, na usile na uwaambie mapema kwamba huli. Ukiwa huna mkwe wa kiume, nenda wowote, yote ni meupe. Lakini ukiwa naye na unamheshimu, panda wa tatu, na omba waya usimame katikati.

Wao wamefika tayari, mnawaona. Wanajenga ng'ambo ya shamba la mihogo, mlango unatazama upande wa Igoma, si kwangu. Alipima mwenyewe: alinisimamisha uani, kwa kumtuma Kabula, nikapiga kelele, nikanong'ona, nikapiga kelele tena, yeye huko akihamisha kigingi. Na Kabula safari hii hakumficha kitu, amemfundisha mpaka lile la njiani, kwamba ukimwona mama mkwe anakuja unatoka barabarani, unachuchumaa na kugeuza uso mpaka apite. Kwa hiyo asubuhi mkimwona Mzungu mrefu, na nguo zake za kazi, amechuchumaa katikati ya mihogo ya watu, acheni kumuuliza amepoteza nini. Ninapita mimi.